Kliniki ya Kisukari Isiyogusa Moyo Haijamaliza Kazi

Mwenye kisukari huamka alfajiri bila kutia kitu tumboni, hupanda bodaboda hadi kliniki, hutoa kidole kikadungwa, namba ikasomwa. Ikiwa imeshuka, anapongezwa. Ikiwa imepanda, anagombezwa kidogo, dozi inaongezwa, anapangiwa tarehe nyingine. Katika kituo chochote cha Karagwe au Kyerwa, mkoani Kagera, ambako huduma huishia hapo, tunasema bila kuuma maneno kwamba wajibu haujatimizwa. Duniani kote, kinachowaua wenye kisukari aina ya pili wengi kuliko kitu kingine chochote ni moyo na mishipa ya damu. Namba ya kidoleni ni sehemu ya habari tu.

Tahariri hii inahusu wajibu, kwa hiyo haitaona haya kuwataja wanaodaiwa. Lakini kwanza msomaji ajue deni lenyewe ni la nini.

Moyo hulishwa na mishipa midogo inayouzunguka, mishipa ya koronari. Mafuta, hasa lehemu mbaya, hujijenga ndani ya kuta zake na njia ya damu husinyaa. Siku utando uliofunika mafuta hayo ukichanika, damu huganda juu yake, mshipa huziba, na sehemu ya msuli wa moyo hufa kwa kukosa oksijeni. Hilo ndilo shambulio la moyo. Linaweza kumpata yeyote, ila mwenye kisukari hulipata mapema, hulipata vibaya, na hupona kwa taabu. Sukari iliyozidi kwa miaka mingi huharibu ngozi laini ya ndani ya mshipa, ile inayozuia damu isigande ovyo na inayouwezesha mshipa kutanuka mtu anapopanda mlima na mzigo. Chembe sahani, zinazogandisha damu tunapojikata, hushikamana hata pasipo jeraha. Lehemu nzuri hushuka, na lehemu mbaya huwa ya chembe ndogondogo zinazopenya ukutani kwa urahisi. Presha na figo, ambazo mara nyingi huharibika pamoja na kisukari, humalizia kazi.

Ndiyo maana daktari wa moyo akitazama picha ya mishipa ya mgonjwa asiye na kisukari, mara nyingi huona mahali pamoja au pawili palipobana. Kwa mwenye kisukari huona bomba la zamani lililoshika kutu urefu wake wote, mpaka kwenye matawi madogo ambayo hakuna chombo kinachoweza kuyafikia. Akitanua sehemu moja kwa puto na kuweka stenti, kijibomba cha kuushikilia mshipa wazi, ile ya jirani inasubiri zamu yake, na hata hiyo iliyotanuliwa huelekea kubana tena zaidi kuliko kwa wengine.

Kuna utafiti uliofanyika Finland na kuchapishwa mwaka 1998 ambao kila mhudumu wa kliniki ya kisukari angepaswa kuujua. Watu walifuatiliwa kwa miaka 7. Kati ya wasio na kisukari ambao hawakuwahi kupata shambulio la moyo, asilimia 3.5 walilipata katika muda huo. Kati ya wasio na kisukari ambao walikwisha kushambuliwa mara moja, asilimia 18.8 walishambuliwa tena. Sasa wenye kisukari ambao moyo wao haukuwahi kuwasumbua hata siku moja: asilimia 20.2. Na wale waliokuwa na kisukari pamoja na historia ya shambulio: asilimia 45. Hesabu zilizokusanywa baadaye kutoka nchi nyingi zimeonyesha kwamba si kila mwenye kisukari yuko hatarini kiasi hicho, kwani umri na miaka aliyoishi na ugonjwa vina uzito wake. Tunakubali. Lakini hakuna hesabu hata moja iliyomrudisha mwenye kisukari kwenye kundi la watu wenye moyo salama, na huko ndiko tunakomweka kila tunapompima kidole na kumwacha aende.

Wanawake wapewe sentensi zao. Kabla ya ukomo wa hedhi, mwanamke kwa kawaida huchelewa kupata ugonjwa wa mishipa ya moyo kuliko mwanamume wa rika lake. Kisukari humnyang'anya sehemu kubwa ya nafuu hiyo. Katika wilaya ambako mama ndiye anayeshika jembe, anayebeba mkungu na anayeuguza wengine, uchovu wake huitwa kazi nyingi. Anaambiwa apumzike, naye hapumziki.

Hatari inayotutia hofu kuliko zote ni ile isiyopiga kelele. Ganzi ile ile inayomfanya mkulima mwenye kisukari asihisi mwiba uliomchoma unyayo huingia pia kwenye neva za moyo. Mwenzake asiye na kisukari akishambuliwa hushika kifua, hutokwa na jasho na kupiga ukelele, na watu humkimbiza hospitali. Yeye husema anajisikia vibaya tu. Anakosa pumzi akienda kisimani. Ana kichefuchefu, chembe ya moyo inamwuma, amechoka bila sababu. Anaambiwa ni vidonda vya tumbo, ni gesi, ni malaria, au kuna mkono wa mtu. Anapewa omeprazo. Wiki moja baadaye tunazika, na msibani tunasema amekufa ghafla. Katika uchunguzi uitwao DIAD, uliofanyika Marekani na Kanada na kuchapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2004, wenye kisukari 522 ambao hawakuwa na dalili yoyote ya moyo walipigwa picha za mtiririko wa damu moyoni. Asilimia 22 walikutwa na kasoro. Ni zaidi ya mmoja katika kila watano, na hakuna aliyelalamika.

Wala tusidhani ni mambo ya Ulaya na Marekani. Katika hospitali ya KCMC mjini Moshi, watafiti waliwaandikisha wagonjwa 681 waliofika idara ya dharura wakiwa na maumivu ya kifua au kukosa pumzi, wakawapima wote kwa utaratibu mmoja. 152 kati yao walikuwa na shambulio la moyo au hali inayokaribiana nalo. Zaidi ya theluthi moja ya hao walikuwa wamekufa siku 30 baadaye. Moshi ni mji wenye hospitali ya rufaa ya kanda. Msomaji wa Kaisho au Rwambaizi ajipigie mwenyewe hesabu iliyobaki.

Hapa ndipo hoja yetu inapokaza. Mtu wa Dar es Salaam akipuuzwa na kliniki yake, bado ana Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015, ambako mishipa hupigwa picha, stenti huwekwa na vifua hufunguliwa. Kosa la zahanati linaweza kurekebishwa mezani. Mtu wa Murongo, kwenye mpaka na Uganda, ana barabara ya kuelekea Omurushaka ambayo imedaiwa lami kwa miaka mingi. Kisha Kyaka, kisha Bukoba. Kisha ziwa au ndege hadi hospitali ya Bugando, Mwanza. Na ikibidi, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwake. Uhai wa msuli wa moyo uliozibiwa mshipa huhesabiwa kwa dakika. Miongozo ya kimataifa inataka mshipa uzibuliwe kwa puto ndani ya saa 2 tangu ugonjwa utambuliwe, na isipowezekana, dawa ya kuyeyusha damu itolewe mapema ndani ya saa 12 za kwanza. Saa 2 kutoka Murongo huenda mgonjwa bado yuko wilayani.

Kwa hiyo msemo wa kinga ni bora kuliko tiba, ambao umechoshwa na mabango, hapa haufai hata kidogo. Hatulinganishi ubora. Karagwe na Kyerwa, kwa ugonjwa huu, kinga ndiyo tiba iliyopo, na nyingine iko safari ya siku kadhaa na fedha za kahawa ambayo bado iko mtini. Kila mkazi anajua familia inafanya nini mgonjwa akipewa rufaa ya mbali na fedha hazipo. Inauza kahawa kwa butura, maua yakiwa bado matawini, kwa bei ya mnunuzi. Viongozi wamekuwa wakikemea butura majukwaani kwa miaka, na wana haki. Lakini wajue kwamba barua ya rufaa ni mmoja wa mawakala wake wakubwa, na kila shambulio la moyo lililozuilika ni shamba lililobaki mikononi mwa mwenyewe.

Utatokea msemaji wa ofisi fulani atuambie kwamba tunadai mashine ambazo wilaya haiwezi kununua. Hatudai. Sayansi ya miaka 25 iliyopita, kwa bahati ambayo ni nadra katika tiba, imewaegemea maskini kwa wema. Wale wa DIAD, pamoja na wenzao wasiopimwa, waliendelea kufuatiliwa, jumla yao 1,123, nusu wakipimwa moyo kwa mashine na nusu wasipimwe. Baada ya karibu miaka 5, makundi hayo mawili hayakutofautiana katika mashambulio na vifo vya moyo, na matukio yenyewe yalikuwa machache, asilimia 2.9 tu. Watafiti walilihusisha hilo na ukweli kwamba wengi katika makundi yote mawili walikuwa wakipewa dawa za kawaida za presha, za lehemu na za kuzuia damu kuganda. Mwaka 2009 jaribio jingine, BARI 2D, lilichukua watu 2,368 wenye kisukari na mishipa ya moyo iliyobana lakini wenye hali tulivu. Nusu waliwahishwa kwenye stenti au upasuaji pamoja na dawa, nusu wakapewa dawa nzuri peke yake kwanza. Baada ya miaka 5 waliokuwa hai walikuwa asilimia 88.3 upande mmoja na 87.8 upande wa pili. Hakuna tofauti.

Na sukari je? Jaribio la ACCORD la Marekani na Kanada liliwachukua wenye kisukari zaidi ya 10,000 walio katika hatari kubwa ya moyo na kuwasukuma nusu yao wafikie sukari iliyokaribia ya mtu mzima wa afya. Mwaka 2008 sehemu hiyo ikasimamishwa kabla ya wakati, kwa sababu waliosukumwa walikufa wengi zaidi. Habari hiyo isisomwe kama ruhusa ya kuacha dawa. Sukari isiyodhibitiwa hupofusha macho, huua figo na hukata miguu. Isomwe na wahudumu wanaodhani kwamba namba nzuri kidoleni inawapa haki ya kufunga faili.

Kilichookoa watu kilikuwa nini? Mjini Gentofte, Denmark, kliniki moja ilichukua watu 160 tu wenye kisukari ambao figo zao zilikuwa zimeanza kuvujisha protini. Nusu walipewa huduma ya kawaida. Nusu ya pili walifuatiliwa kwa kila kitu kwa pamoja: sukari, presha, lehemu, aspirini, chakula, mazoezi, sigara, miaka karibu 8 mfululizo. Matukio ya moyo na mishipa yalipungua kwa zaidi ya nusu. Kufikia mwaka wa 13, katika kundi la kawaida walikuwa wamekufa 40 kati ya 80. Katika kundi lililofuatiliwa walikufa 24. Hakuna stenti mpya iliyobuniwa Gentofte. Kulikuwa na daftari, muuguzi, mtaalamu wa lishe, vidonge, na watu waliokataa kumsahau mgonjwa. Uchunguzi huo unaitwa Steno-2, na tunashauri uchapwe kwenye ukurasa mmoja na kubandikwa juu ya kila meza ya kliniki ya kisukari wilayani.

Basi deni linajulikana, na wanaodaiwa wanajulikana.

Wa kwanza ni mwenye kalamu ya kuandika dawa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa vituo vya ngazi ya chini, uitwao PEN, unasema mwenye kisukari aina ya pili aliyefikisha miaka 40 aandikiwe statini, dawa ya kushusha lehemu. Jaribio la CARDS la Uingereza na Ireland, mwaka 2004, lilionyesha kwamba atovastatini ya miligramu 10 kwa siku ilipunguza matukio makubwa ya moyo na kiharusi kwa asilimia 37 kwa wenye kisukari ambao lehemu yao wala haikuwa juu, na likasimamishwa miaka 2 kabla ya muda kwa kuwa faida ilikuwa wazi. Kwa hiyo tabibu asisubiri kipimo cha lehemu ambacho maabara yake haina ndipo aandike. Apime presha kila hudhurio, mgonjwa akiwa amekaa na kutulia, siyo akiwa ametoka kushuka kwenye pikipiki. Aangalie protini kwenye mkojo. Aulize kuhusu pumzi na uchovu, maana mgonjwa hatasema kifua. Aspirini ya kila siku aiandike kwa aliyekwisha kuugua moyo au kiharusi. Kwa wengine apime hatari ya kutoka damu tumboni, isigeuke karanga ya kugawa. Na mwenye kisukari wa miaka 50 akija usiku na kichefuchefu na jasho baridi, apigwe ECG, kipimo cha umeme wa moyo, kabla ya kupewa dawa ya vidonda vya tumbo.

Mahali pasipo na ECG kuna aspirini. Mwaka 1988, katika jaribio la ISIS-2 lililohusisha wagonjwa 17,187 walioshukiwa kuwa na shambulio la moyo, kidonge hicho kilichoanzwa mapema kilipunguza vifo vya moyo na mishipa kwa asilimia 23 katika wiki 5. Kipo kwenye maduka ya dawa ya Nkwenda na Nyaishozi kwa bei ambayo hata mtoto anaweza kutumwa. Shambulio la moyo lililotambuliwa likikosa aspirini kwa sababu kabati la zahanati lilikuwa tupu, lisiitwe umaskini.

Deni la pili liko kwenye barua ya rufaa, na hapa tunataka kukaa kidogo. Wako wagonjwa ambao dawa hazitoshi: mishipa mikuu mitatu imebana, au shina lenyewe, au maumivu hayaachi. Kwao kisukari hubadilisha hata uamuzi wa fundi. Jaribio la FREEDOM, lililotangazwa mwaka 2012, liliwachukua wagonjwa 1,900 wenye kisukari na mishipa mingi iliyobana, likawagawa kati ya stenti zenye dawa na upasuaji wa kupandikiza mishipa mipya. Baada ya miaka 5, asilimia 16.3 ya waliowekewa stenti walikuwa wamekufa. Waliopasuliwa, asilimia 10.9. Mashambulio ya moyo yalikuwa asilimia 13.9 kwa 6. Upasuaji ulidai bei yake, kwani kiharusi kilikuwa asilimia 5.2 dhidi ya 2.4. Sababu si ngumu kuielewa: stenti hushughulikia pale palipobana leo, na mshipa uliopandikizwa huruka eneo lote bovu, pamoja na pale patakapobana kesho.

Mgonjwa kutoka Mabira hana jinsi ya kujua hayo. Atafika mjini, ataambiwa kuna njia fupi na njia ndefu, atachagua fupi kwa kuogopa kisu na kwa kuhesabu nauli. Ni wajibu wa daktari anayempeleka kuandika kwa herufi zinazosomeka kwamba huyu ana kisukari, tangu mwaka gani, figo zake zikoje, anatumia dawa gani. Dawa ya rangi inayochomwa kwenye picha za mishipa inaweza kuzidhuru figo zilizokwisha kuchoka, na yeyote anayeichoma bila kuambiwa amewekewa mtego. Barua yenye maneno matatu na mhuri ni uzembe wenye mhuri. Na mgonjwa akirudi nyumbani, kituo chake kimpokee siku ya kwanza. Stenti isiyofuatwa na vidonge vyake viwili vya kuzuia damu kuganda huziba, na ikiziba, safari yote na kahawa yote vimekwenda bure.

Wa tatu ni halmashauri mbili, Karagwe na ile ya Kyerwa iliyomegwa kutoka kwake mwaka 2012, pamoja na makanisa. Hospitali za makanisa, Nyakahanga, Nyakaiga, Isingiro, zimebeba afya ya watu hawa tangu zamani, na Nyakahanga ya KKKT Dayosisi ya Karagwe ilibeba kwa miaka mingi jukumu la hospitali teule ya wilaya. Heshima hiyo haifutwi na deni hili wala deni halifutwi na heshima. Mgonjwa mmoja anaweza kuwa na faili tatu katika vituo vitatu, vya serikali na vya dini, na hakuna kati yao kinachojua kwamba hajaonekana tangu msimu wa kahawa uliopita.

Haikubaliki mkoa huu kusema haujui kufuatilia wagonjwa. Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikotambuliwa, mwaka 1983. Tulizika kizazi. Kutokana na maumivu hayo tulijifunza kazi ambayo nchi nyingi tajiri hazijaiweza: kila mgonjwa ana kadi, ana namba, ana tarehe, akikosa tarehe anapigiwa simu, asipopatikana anafuatwa hadi kwenye migomba yake na mtu anayemjua jina. Mwaka 2023 homa ya Marburg ilipoingia wilaya ya Bukoba, na tena Biharamulo mwaka 2025, timu zilipita nyumba kwa nyumba kuwatafuta waliogusana na wagonjwa. Mwenye kisukari aliyetoweka kliniki miezi 6 anahitaji robo ya bidii hiyo. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wapo, na mpango wa taifa wa kuwaajiri na kuwafunza ulizinduliwa mwaka 2024. Wapewe orodha na mashine ya presha.

Fedha zina wajibu wake pia. Kaya ya watu 6 ilikuwa ikilipa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa mfuko wa afya ya jamii, CHF iliyoboreshwa, na huduma yake iliishia hospitali ya rufaa ya mkoa. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwezi Novemba 2023. Kitita chake kisipohakikisha statini, dawa za presha na stripu za kupimia sukari pale zahanati, kitakuwa kimechagua kulipia vifua vinavyofunguliwa Dar es Salaam badala ya vidonge vinavyomezwa Bugene, na hata wahasibu wataliona kosa hilo.

Familia na mgonjwa mwenyewe hawatoki mikono mitupu. Mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alipofika kwa Mukama Rumanyika wa Karagwe mwaka 1861 aliandika kwa mshangao kuhusu wake wa ikulu walionyweshwa maziwa hadi wakashindwa kusimama, kwa kuwa unene ulikuwa utukufu. Alikuwa mgeni mwenye dharau zake, na lile lilikuwa jambo la ikulu. Mwananchi wa kawaida alitembea, alilima na alikuwa mkavu. Leo unene umetoka ikulu. Umeingia kwa mwenye duka, mwenye pikipiki, mwalimu, katekista, na bado tunausifu. Mtu akipungua kwa amri ya daktari tunamwuliza kama anaumwa. Ndizi na maharage ni chakula chema, ila sinia lijazwe kwa kazi ya mlaji, siyo kwa kazi ya babu yake. Lubisi, pombe yetu ya ndizi, iwe na kipimo. Soda msibani isiwe heshima pekee tunayoijua. Profesa Mohamed Janabi, daktari bingwa wa moyo, amelisema hili redioni na mitandaoni kwa miaka, na nchi ikamgeuza utani. Tumecheka vya kutosha.

Sigara hatutaijadili. Mwenye kisukari anayevuta aache.

Na wanaouza chupa za mitishamba kwenye magulio kwa ahadi ya kumaliza sukari kwa siku 21, pamoja na wahubiri wanaowaambia waumini watupe vidonge kama ushuhuda wa imani, wajue kwamba anayeacha statini na dawa ya presha hasikii tofauti yoyote kwa miezi. Ukimya huo ndio biashara yao. Sheria ipo, maofisa wapo, magulio yana siku zinazojulikana na kila mtu.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na bajeti hupitishwa na mabaraza ya madiwani miezi kadhaa kabla. Diwani wa kata yoyote asimame aulize mambo haya na asikae mpaka ajibiwe: wenye kisukari walioandikishwa katika vituo vyote vya wilaya, vya serikali na vya dini, ni wangapi, wangapi wamefikisha miaka 40, na kati ya hao wangapi wanapewa statini, wangapi walipimwa presha katika miezi 3 iliyopita na ilikuwa ngapi, aspirini na dawa za presha zilikosekana siku ngapi, mashine ya ECG iko wapi, inafanya kazi, na nani anaisoma saa nane usiku. Mganga Mkuu wa Wilaya asiyekuwa na majibu apewe robo moja ya mwaka kuyatafuta. Majibu yakishapatikana yabandikwe kwenye mbao za matangazo za Kayanga na Rubwera, pembeni ya taarifa ya mapato na matumizi, na yabadilishwe kila robo.